Na Jina la Pili Je?

Somo letu ni urafiki wa vijana wasiotoka kabila moja wala hawana mfuko sawa, kama tulivyo sisi hapa Donholm.

Kwanza, tukumbuke tulikotoka. Wakati wa ukoloni Nairobi iligawanywa kwa rangi. Wazungu walijitengea sehemu nzuri za magharibi, Wahindi wakakaa kama Parklands na Ngara, nao Waafrika wakawekwa upande huu wa mashariki: Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo, Bahati. Watoto wa mitaa hiyo walikuwa na lugha mbalimbali nyumbani, lakini mpira ulikuwa mmoja. Katika kuchezacheza pamoja wakachanganya Kiswahili, Kiingereza na lugha za mama zao, Sheng ikakua. Kwa hivyo kuchanganyika si jambo geni Eastlands.

Mbona basi bado tunaulizana jina la pili? Sote twajua maana yake. La kwanza ni la kanisani au msikitini. La pili ndilo humwambia mtu wewe ni kabila gani. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, lakini swali tumelirithi.

Nitatoa mfano wangu mwenyewe, ingawa naona haya. Rafiki yangu anaishi Soweto, huja shule kwa miguu. Jumamosi moja nilimleta kwetu. Mama akamkaribisha chai, akamwuliza jina, kisha akauliza, "Na la pili je?" Akalitaja. Basi mama akanigeukia, akaanza kuniongelesha kwa lugha yetu. Hakusema neno baya. Aliniuliza tu kama nimefua nguo. Nami nikajibu kwa lugha hiyo hiyo. Mwenzangu akamaliza chai haraka, akaaga.

Jumatatu hakuketi karibu nami. Nilipomwuliza, alisema, "Sikuelewa mlichosema. Si hiyo ndiyo shida?" Sikuwa na jibu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wangu alikuja, mimi nikamwacha nje huku amekaa kwenye kiti chetu.

Niliomba msamaha. Siku nyingine mama alipoanza tena, nilimjibu kwa Kiswahili. Alinitazama kidogo, halafu naye akageuza. Sasa humwuliza rafiki yangu habari za mtihani.

Kuna na mambo ya pesa. Saa ya chakula alikuwa akisema ameshiba, nami nikamwona mwenye maringo. Kumbe nilikuwa nikimwita kwa sauti, "Kuja nikununulie!" mbele ya darasa zima. Siku hizi nanunua chapati na madondo sahani moja, tunakula wawili. Naye hunifundisha Hesabu, kwa hivyo hakuna mwenye deni.

Wanafunzi wenzangu, tushike haya matatu. Mbele ya mgeni, tuongee lugha anayoielewa. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa, tukitumie mezani pia. Tukigawana, tusitangaze. Na tukikosea, tuombe msamaha mapema.

Zoezi
1. Ni rafiki yako yupi hajawahi kufika kwenu? Kwa nini?
2. Je, wewe umewahi kufika kwake?