SOMO LA WIKI: Watoto Ni Baraka, Mzigo Ni wa Nani?

Masomo: Mwanzo 1:26-28, 1 Samweli 1:1-8, Luka 11:27-28

Hapa Marekani tunasikia mara nyingi neno hili: "Haki za wanawake zimemaliza watoto." Mabinti zetu walioko chuoni wanalisikia pia, na wengine wanadhani kanisa linawataka wachague kati ya shule na Mungu. Tulipime.

1. Hali ilivyo
Ili idadi ya watu isipungue, inahitajika wastani wa watoto 2.1 kwa kila mwanamke. Marekani mwaka 2023 ilikuwa na 1.6 hivi. Ni kweli kwamba msichana akisoma, mara nyingi huchelewa kuolewa na huzaa wachache. Lakini usawa pekee hauelezi yote. Iran, chini ya serikali ya kidini, ilishuka kutoka zaidi ya watoto 6 mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadi karibu 2 mwaka 2000. Korea Kusini, ambako kazi za nyumbani bado zinamlemea mwanamke, ilifikia 0.72 mwaka 2023.

2. Neno linasemaje
Katika Mwanzo 1:28, baraka ya kuzaa na ya kuitawala dunia walipewa wote wawili kwa pamoja. Elkana hakumpima Hana kwa tumbo lake. Naye Yesu, tumbo lililomzaa liliposifiwa, alielekeza heri kwa wanaolisikia Neno na kulishika. Basi uzazi ni baraka, si kipimo cha utu. Dada asiye na mtoto hajapungukiwa kitu mbele za Mungu.

3. Kwetu sisi
Kule nyumbani mtoto alilelewa na bibi, shangazi na jirani. Hapa mama anatoka zamu ya usiku na kukuta vyombo vinamngoja. Mume anayesema "tuongeze mtoto" lakini haamki kumbembeleza aliyepo, anaomba baraka na kumwachia mwenzake mzigo. Wagalatia 6:2 inatuhusu hata jikoni.

Maswali ya kujadili
- Nani anaamka usiku nyumbani kwetu?
- Kanisa litawasaidiaje wazazi wenye watoto wachanga?
- Tunawaambia nini mabinti zetu kuhusu masomo?

Tuombe: Bwana, tufundishe kubebeana mizigo, kuwapokea watoto kwa furaha, na kuwaheshimu mama na dada zetu. Amina.