Somo la Saba: Kupanga Safari ya Kumtazama Chui Milia kwa Kikundi Kidogo

Utangulizi

Safari ya kutazama wanyama haifanani na bidhaa nyingine sokoni. Anayenunua jokofu hulipa fedha na kuondoka na jokofu. Likiharibika ndani ya muda wa dhamana, hulirudisha dukani. Anayenunua safari ya kumtazama chui milia hulipia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni huduma zinazoweza kuahidiwa: usafiri, malazi, kibali cha kuingia hifadhini, gari na mwongozaji. La pili ni nafasi ya kumwona mnyama wa porini, ambayo hakuna mfanyabiashara awezaye kuiahidi. Mlaji anayeyachanganya mambo haya mawili huweza kudai asichostahili, au, jambo lililo baya zaidi, kuacha kudai anachostahili.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya mlaji wa Tanzania anayepanga kuzuru India, iwe kwa mapumziko au kwa kutumia siku chache zinazobaki baada ya biashara, masomo au kumsindikiza mgonjwa. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

(a) kukadiria kwa usahihi nafasi yake ya kumwona chui milia;
(b) kupanga kikundi, msimu na idadi ya mizunguko kulingana na fedha alizo nazo;
(c) kutofautisha bahati mbaya na uvunjaji wa mkataba.

1. Kumfahamu mnyama

Chui milia hapatikani katika mapori ya Afrika. Takribani robo tatu ya chui milia wote wa porini duniani wamo India. Mwaka 1973 Serikali ya nchi hiyo ilianzisha mradi wa kuwahifadhi, ukianza na hifadhi tisa. Hata hivyo, makadirio ya mwaka 2006 yalionyesha kuwa walikuwa wamesalia 1,411 tu. Katika hifadhi ya Sariska, jimboni Rajasthan, ilibainika mwaka 2005 kwamba ujangili ulikuwa umewamaliza wote. Ilibidi wengine wahamishiwe huko kutoka Ranthambore kuanzia mwaka 2008. Makadirio ya mwaka 2022 yalifikia 3,682. Ongezeko hilo ni kubwa, lakini idadi yenyewe bado ni ndogo kwa nchi yenye ukubwa wa India.

Mtanzania aliyewahi kuzuru Serengeti au Mikumi anapaswa kuyaweka kando mazoea yake. Simba huishi kwa makundi na mara nyingi hulala mahali pa wazi, ambapo magari kumi yanaweza kumzunguka mchana kweupe. Chui milia huishi peke yake, isipokuwa jike mwenye watoto. Huwinda kwa kunyemelea, hupenda vichaka na mianzi, na hutembea zaidi usiku, alfajiri na jioni. Michirizi yake humficha kiasi kwamba anaweza kuwa hatua ishirini kutoka barabarani na gari likapita bila yeyote kumwona. Anayemfananisha na simba wa mbugani atakuwa na matarajio yasiyo sahihi kabla hajapanda ndege.

2. Hesabu ya matarajio

Nafasi ya kumwona chui milia hutofautiana kwa hifadhi, msimu na siku. Ili kuelewa jinsi idadi ya mizunguko inavyobadilisha nafasi hiyo, tuchukulie, kwa ajili ya kujifunza tu, kwamba nafasi ya kumwona katika mzunguko mmoja ni moja kwa tatu. Basi nafasi ya kumkosa katika mzunguko huo ni mbili kwa tatu.

- Mizunguko 2: nafasi ya kumkosa kabisa ni 4/9, yaani takribani asilimia 44.
- Mizunguko 4: nafasi ya kumkosa kabisa ni 16/81, yaani takribani asilimia 20.
- Mizunguko 6: nafasi ya kumkosa kabisa ni 64/729, yaani takribani asilimia 9.

Hesabu hii ina mafunzo matatu. Kwanza, mzunguko mmoja au miwili ni sawa na kurusha sarafu hewani. Pili, fedha inayoongezwa kwenye mizunguko huleta faida kubwa kuliko fedha inayoongezwa kwenye hoteli ya kifahari. Tatu, hata baada ya mizunguko sita nafasi ya kumkosa haifiki sifuri. Mfanyabiashara anayetangaza "uhakika wa asilimia 100" anauza kitu asichokimiliki.

3. Kuchagua hifadhi na msimu

Hifadhi zinazozungumzwa zaidi na wasafiri ni Ranthambore katika jimbo la Rajasthan. Bandhavgarh, Kanha na Pench katika Madhya Pradesh. Na Tadoba katika Maharashtra. Tadoba na Pench hufikiwa kupitia mji wa Nagpur. Kanha na Bandhavgarh hufikiwa kupitia Jabalpur, kisha saa kadhaa za barabara. Zipo pia Corbett, iliyo kongwe kuliko hifadhi zote za taifa nchini humo kwa kuwa ilianzishwa mwaka 1936, na Sundarbans, ambako watu hutembea kwa boti katikati ya mikoko na ambako kumwona chui milia ni nadra sana.

Msafiri mwenye siku chache achague hifadhi moja, au mbili zilizo karibu. Ratiba ya hifadhi nne kwa siku saba hupendeza kwenye karatasi, lakini siku nyingi huishia barabarani.

Msimu wa ziara huanza Oktoba na kumalizika Juni. Kuanzia Julai hadi Septemba, wakati wa mvua za masika ya huko, maeneo ya kiini ya hifadhi nyingi hufungwa. Desemba na Januari mandhari hupendeza, ila alfajiri ndani ya gari la wazi ni ya baridi kali; huko Kanha umande huweza kuganda juu ya nyasi. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, majani hupukutika na mabwawa hukauka. Wanyama hulazimika kufuata maji machache yaliyobaki, hivyo huonekana kwa urahisi zaidi. Mlaji achague akijua kwamba starehe na nafasi ya kumwona mnyama haviendi pamoja kila mara.

Aangalie pia siku za mapumziko ya hifadhi. Kwa mfano, hifadhi za Madhya Pradesh hazifanyi mzunguko wa jioni siku za Jumatano. Ratiba inayoonyesha mzunguko wa Jumatano jioni ndani ya Kanha ni dalili kwamba aliyeiandika haifahamu kazi yake.

4. "Kikundi kidogo" ni watu wangapi?

Maneno haya hutumiwa sana katika matangazo, lakini kila muuzaji ana maana yake. Magari madogo ya wazi katika hifadhi nyingi hubeba wageni sita, pamoja na dereva na mwongozaji. Huko Ranthambore kuna pia magari makubwa ya wazi yanayobeba wageni wapatao ishirini. Kwa hiyo "kikundi kidogo cha watu kumi na wawili" huwa ni magari mawili, na "kiti kwenye gari la pamoja" huweza kuwa ni kiti kati ya ishirini.

Mlaji asiulize tu ukubwa wa kikundi. Aulize idadi ya wageni ndani ya gari moja. Watu sita hugawana gharama ya gari moja. Akiongezeka wa saba, huhitajika gari la pili, na gharama ya kila mmoja hupanda. Aidha, kila gari hupangiwa kanda na njia yake. Marafiki waliogawanyika katika magari mawili wanaweza kupelekwa kanda tofauti, wengine wakamwona chui milia na wengine wakarudi mikono mitupu. Ni vyema kukubaliana mapema namna ya kubadilishana magari.

Jambo jingine la kuafikiana ni subira. Katika gari moja wamo mpiga picha anayetaka kusubiri saa nzima penye bwawa, mzee anayeumwa mgongo na kijana anayetaka kuzunguka kila mahali. Kikundi kisichozungumza haya nyumbani hugombana porini.

5. Kusoma tangazo na mkataba

Kabla ya kulipa malipo ya awali, mlaji adai majibu ya maandishi kwa maswali haya:

- Ni mizunguko mingapi, tarehe zipi, asubuhi au jioni?
- Kila mzunguko utafanyika katika eneo la kiini au eneo la kinga linaloizunguka hifadhi? Kanda ipi?
- Gari ni la kikundi peke yake au la pamoja? Lina wageni wangapi?
- Bei inajumuisha ada ya kibali kwa wageni kutoka nje? Hifadhi nyingi huwatoza wageni hao zaidi ya raia wa India.
- Nani atashughulikia kibali, na nakala itapatikana lini? Vibali huuzwa miezi kadhaa kabla, na kanda zinazopendwa hujaa mapema.
- Safari ikiahirishwa, nini kitarejeshwa na nini hakirejeshwi?

Majina katika kibali yanapaswa kulingana na pasipoti herufi kwa herufi, kwa kuwa hukaguliwa langoni. Msafiri aulize pia ubalozi kuhusu aina sahihi ya viza na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho India hukidai kwa wasafiri wanaotoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Risiti, tangazo lenyewe na ujumbe wote wa simu vihifadhiwe. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

6. Mfano wa kujifunzia

Tuchukulie marafiki sita wa Dar es Salaam wamedunduliza kwa miaka miwili. Wakala wa hapa nchini amewauzia safari ya Bandhavgarh kwa tangazo lisemalo "chui milia, uhakika asilimia 100". Mkataba unataja mizunguko minne katika eneo la kiini. Walipofika, miwili ilifanyika kiini, mmoja ulihamishiwa eneo la kinga bila maelezo, na katika wa nne rafiki mmoja alizuiwa langoni kwa sababu jina lake lilikosewa. Hawakumwona chui milia hata mmoja. Wanadai kurudishiwa fedha zote. Je, wana haki?

Kumkosa mnyama, kwa peke yake, si uvunjaji wa mkataba. Lakini tangazo la uhakika ni suala jingine: Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha walaji, nao ushahidi wao ni tangazo lenyewe, kama walilihifadhi. Mzunguko uliohamishiwa eneo la kinga ni huduma iliyoahidiwa isiyotolewa. Wanaweza kudai fidia. Lau mkataba ungesema "mizunguko minne ya hifadhi" tu, wasingekuwa na pa kushikia. Kuhusu jina, jibu linategemea chanzo cha kosa. Ikiwa walituma nakala za pasipoti, kosa ni la wakala. Ikiwa rafiki huyo aliandika jina lake kwa kifupi alivyozoea, hasara ni yake.

Hivyo dai la kurudishiwa fedha zote ni gumu kusimama, kwa kuwa walipata usafiri, malazi na mizunguko miwili. Dai lililogawanywa katika vipengele, kila kimoja na ushahidi wake, lina nguvu zaidi kuliko malalamiko ya jumla kwamba "tulidanganywa".

7. Mwenendo ndani ya hifadhi

Msafiri aliyetumia akiba yake huingiwa na hamaki kadiri saa zinavyopita. Ndipo hushawishika kumpa dereva fedha ili aende kasi, aache njia aliyopangiwa au amsogelee mnyama. Asifanye hivyo. Dereva na mwongozaji wanaweza kupoteza kazi, kikundi kinaweza kutolewa hifadhini bila kurejeshewa fedha, na jike mwenye watoto anaweza kukimbia mahali palipomfaa.

Badala yake ajifunze kusikiliza. Sambar, mnyama mkubwa wa jamii ya paa, anapotoa mlio wa tahadhari, na nyani aina ya langur akijibu kutoka juu ya mti, mwongozaji huzima gari na kusubiri. Dakika hizo za kimya, hata zisipoleta chui milia, ni sehemu ya safari iliyolipiwa. Halikadhalika dubu, nyati wa gaur, tausi wa porini, na paa wa barasingha wa Kanha, ambao mwaka 1970 walikuwa wamebaki 66 tu na leo wanaonekana tena kwa makundi. Kikundi kilichojiandaa kuvitazama hivi vyote hakirudi mikono mitupu.

8. Njia ya kulalamika

Tatizo likitokea, mlaji amweleze wakala siku hiyo hiyo kwa maandishi, akitaja tarehe, kanda na namba ya kibali. Asisubiri kurudi nyumbani. Asiporidhika, awasilishe malalamiko kwa mamlaka husika pamoja na vielelezo. Aliyenunua kwa wakala aliyesajiliwa Tanzania ana njia fupi zaidi. Aliyemlipa wakala wa India moja kwa moja atalazimika kufuata taratibu za huko, chini ya Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2019 ya nchi hiyo, jambo lililo gumu kwa mtu aliye mbali. Tofauti hiyo izingatiwe wakati wa kulinganisha bei.

Maswali ya kujipima

1. Taja huduma tatu zinazoweza kuahidiwa katika mkataba wa safari, na jambo moja lisiloweza kuahidiwa.
2. Kikundi chenu kina watu saba. Eleza athari zake kwa gharama na kwa kanda.
3. Una fedha za kuongeza mizunguko miwili au kuboresha hoteli. Ungechagua lipi, na kwa nini?
4. Tafuta tangazo lolote la safari. Pigia mstari kila neno linaloahidi mnyama badala ya huduma.