Kadi ya Kwanza Si Mchumba

Haya, wadogo zangu, sogeeni. Wiki hii mwenzenu kaniandikia akiwa amefura. Anacheza Magic: The Gathering kwenye simu, na kila akiingia drafti anatoka na ushindi mmoja, vito (sarafu za mchezoni) vimekwisha. Anataka nimthibitishie kwamba mchezo unamwonea.

Kwa msioujua: mchezo huu wa kadi aliubuni Mmarekani Richard Garfield, ukaingia sokoni mwaka 1993. Kwenye drafti huji na kadi za nyumbani. Mnakaa watu 8, kila mmoja na pakiti 3. Unafungua moja, unachagua kadi moja, zilizobaki unampa jirani, nawe unapokea za jirani wa upande wa pili, mpaka ziishe. Halafu unaunda fungu la kadi 40 na kuanza kupambana.

Sasa wewe mdogo wangu, ahsante kwa kuniorodhesha ulivyochagua, maana ugonjwa nimeuona palepale. Kadi ya kwanza ulichukua joka jekundu, tena adimu. Sawa, nami ningelichukua. Lakini baada ya hapo nyekundu zilizokufikia zilikuwa makapi matupu, huku kijani nzuri ikikujia mpaka kadi ya saba. Hebu fikiri: pakiti hiyo imepita mikononi mwa watu sita na hakuna aliyeitaka kijani ile! Rangi hiyo iko wazi upande huo, nawe bado unaling'ang'ania joka kama mchumba asiyepokea simu. Liache liende.

Pakiti ya kwanza ni ya kuwasoma wenzako. Ile uliyoifungua mwenyewe ikariri vizuri: ikiwa na kadi 14, wote wakishachukua itakurudia ikiwa na 6. Tazama kilichopotea na kilichobaki. Ukikuta kadi nzuri ya bluu bado imelala humo, ujue bluu haina wenyewe. Na jamani, kadi za kuua viumbe vya mpinzani msiziache zipite eti kwa sababu hazina picha ya kutisha.

Halafu ardhi, zile kadi zinazokupa nguvu ya kuzicheza nyingine. Umeweka 15 ili uchomeke kadi mbili tamu zaidi. Nani kakufundisha hayo? Kwa fungu la 40, kawaida ni 17. Na hata ukiweka 17, ukichanganya kadi mezani kwa mkono, takriban mara 1 kati ya 8 zile 7 za kuanzia zitakuja na ardhi moja au bila hata moja, ama sita na zaidi. Hapo hujaonewa, hesabu ndivyo zilivyo.

Malalamiko yako mengine nayapokea. Mwaka 2024 kampuni ya mchezo huu iliondoa pakiti zilizotengenezwa maalumu kwa drafti ikaleta za aina moja kwa matumizi yote, na hizi zinaweza kubeba kadi adimu hadi nne. Kwa hiyo ndiyo, siku hizi unaweza kupangwa na mtu mwenye madubwana matatu, ukacheza vizuri na bado ukafa. Premier Draft, drafti unayoingia wewe, nayo ni mchezo mmoja mmoja: ukipoteza mitatu unafungasha, wala huna nafasi ya kubadilisha kadi na kurudiana na aliyekutandika. Kiingilio ni vito 1,500. Ukishinda mara tatu unarudishiwa 1,000 na pakiti kadhaa. Mpaka ufikishe ushindi wa tano ndipo vito vinazidi ulivyotoa. Kwa mtu anayetoka na mmoja, huo ni mfuko uliotoboka.

Anayeudhiwa na bahati aende Traditional Draft, ambako mnacheza hadi mmoja ashinde mara mbili, na katikati unarekebisha fungu lako. Wewe bado. Nenda Quick Draft: vito 750, au dhahabu 5,000 unayoipata kwa kucheza tu bila kutoa hela. Unachagua pamoja na roboti, hakuna saa inayokukimbiza, basi soma kila kadi mpaka mwisho. Ila roboti hawachagui kama watu, kwa hiyo usishangae wakiachia kadi ambayo binadamu angeinyakua.

Vito vya kununua usiguse mwezi huu. Ukimaliza drafti ijayo niandikie tena, na uniambie kadi ya saba ilikuwa ya rangi gani.