SOMO: Hewa ya Kupoza Chumba cha Mashine



Kuna kikundi cha vijana tulichotembelea, tukakuta inveta yao imeungua na mkopo bado wanaulipa. Kompyuta 6, inveta na betri zilikuwa katika stoo moja, dirisha limezibwa kwa mbao kwa kuogopa wezi. Wezi hawakuingia, lakini joto nalo halikutoka.

Tukumbuke: stima inayotumika ndani ya chumba mwishowe hugeuka joto. Basi tupige hesabu kabla ya kununua feni.

Hatua ya 1: Jumlisha joto. Kompyuta 6 za wati 100 ni wati 600. Inveta yenyewe hupoteza kama wati 100. Watu 2 wakikaa humo, kila mmoja hutoa kama wati 100. Jumla ni 900.

Hatua ya 2: Amueni ndani pazidi nje kwa digrii ngapi. Tuseme 5. Feni haiwezi kupoza chumba kushinda hewa ya nje. Nje ikiwa digrii 30, ndani itakuwa 35.

Hatua ya 3: Zidisha wati kwa 3, kisha gawanya kwa digrii. 900 × 3 ÷ 5 = 540. Hizo ni mita za ujazo za hewa kwa saa.

Hatua ya 4: Huku juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Ongeza sehemu moja ya tano: 540 + 108 = 648. Tafuteni feni iliyoandikwa 700 au zaidi. Jua likichoma mabati, wekeni dari pia.

Hewa iingie chini, upande wa kivuli, itoke juu, upande wa pili. Tundu la kuingizia liwe sentimita 45 kwa 40, na zaidi kidogo mkiweka wavu. Vyuma na wavu vitazuia wezi na panya bila kuzuia hewa.

Betri za asidi hutoa gesi nyepesi inayoweza kulipuka, kwa hivyo tundu la juu lisizibwe, na mshumaa usiingie humo. Tena, kila digrii 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri karibu nusu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Chumba chetu kina wati ngapi?
2. Hewa yetu inaingilia wapi, na kutokea wapi?
3. Mashine ikiungua leo, nani atalipa?