Magazini ya Kuchomoa au ya Kudumu? Mafunzo Niliyopata Porini

Mimi ni mwindaji bingwa. Naongoza wageni wenye vibali katika vitalu vya uwindaji vya kusini mwa Tanzania, na kila bunduki naikagua kabla haijatoka kambini. Watu wakizungumzia bunduki ya kuwindia hubishana sana juu ya kaliba na darubini, lakini magazini huisahau mpaka ilete matatizo. Zipo bunduki ambazo magazini yake ni kisanduku unachokichomoa chote, ukakijaza mkononi na kukirudisha. Zipo nyingine ambazo magazini yake imejengewa humo humo ndani, na risasi unazishindilia kutoka juu bolti ikiwa wazi. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu kuchagua kati ya hizo mbili.

1. Anza na mnyama unayemfuata

Swala pala, kongoni au pofu ukimkosa, anakimbia. Umepoteza nyama, na kesho utajaribu tena. Nyati aliyejeruhiwa anaingia kichakani, na ni wajibu wako kumfuata humo. Kwa nyati, simba, tembo na kiboko hatuendi chini ya kaliba .375, na risasi hizo ni nene na ndefu. Magazini ya aina yoyote hapo hubeba chache, kwa kawaida tatu hadi tano. Kwa hiyo wingi wa risasi hauamui jambo. Kinachoamua ni kama risasi ya pili na ya tatu zitakuwepo pale mkono wako unapozitarajia.

2. Kinachochomoka kinaweza kudondoka

Mgeni wangu mmoja alikuwa na bunduki nzuri ya magazini ya kuchomoa, ambayo kitufe chake cha kuachia kilitokeza nje. Tulifuata nyayo za nyati asubuhi nzima, tukavuka korongo, tukapita kwenye nyasi ndefu, naye bunduki ikiwa begani ikigongana na mkanda wa kiunoni. Tuliposimama kunywa maji, mfuata nyayo wetu aliiangalia ile bunduki akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, magazini ya mgeni haipo." Tulirudi nyuma na kuikuta kwenye nyasi. Laiti tungewakuta nyati kwanza, mgeni yule angekuwa na risasi moja tu, ile iliyokuwa chemba.

Hofu hiyo haikuanza leo. Bunduki za .303 za Waingereza, ukoo wa Lee, zilikuwa na magazini inayochomoka, lakini zile za mwanzo ziliunganishwa na magazini yake kwa kipande cha mnyororo ili isipotee. Hata mnyororo ulipoondolewa, askari wa Lee-Enfield alijaza risasi zake kumi kutoka juu, kwa klipu za tano tano. Jeshi lilikuwa na magazini ya kuchomoa, nalo likaitumia kama ya kudumu.

3. Kujaza tena ni muhimu kuliko kujaza mara ya kwanza

Kambini kila mtu anajaza bila shida. Pima bunduki yako kwa hali hii: umefyatua mara mbili, nyati yuko kichakani, na macho yako hayawezi kuondoka kwenye kile kichaka. Kwa magazini ya kudumu, unafungua bolti, unatoa risasi mbili kwenye mkanda, unazishindilia kwa kidole gumba na kufunga. Wakati wote huo bunduki imeelekea mbele. Bunduki nyingi za magazini ya kuchomoa hazikubali kujazwa hivyo. Itabidi ukichomoe kisanduku, na kwa muda huo umeshika vipande viwili. Kuna watengenezaji walioliona hilo: Sako 85 ina magazini ya kuchomoa lakini inakubali kujazwa kutoka juu, na kitasa chake hakiachii mpaka uisukume magazini juu kwanza. Ukipenda ya kuchomoa, tafuta yenye sifa hizo mbili.

4. Chunguza midomo inayoshika risasi

Katika muundo wa Mauser wa mwaka 1898, ambao bunduki nyingi za wanyama hatari zimeufuata hadi leo, reli zinazoiongoza risasi zimechongwa kwenye chuma cha bunduki yenyewe. Haziondoki na hazipindi kwa urahisi. Katika magazini nyingi za kuchomoa, midomo inayoshika risasi iko kwenye kisanduku, ama cha bati jembamba ama cha plastiki. Kikianguka juu ya jiwe, mdomo mmoja ukapinda kidogo, risasi inapanda upande na bunduki inakwama.

Hata ya kudumu ina udhaifu wake. Kifuniko cha chini chenye kitasa dhaifu huweza kufunguka kwa mshtuko wa kaliba kubwa, risasi zote zikamwagika miguuni. Kabla ya safari, fyatua bunduki ikiwa imejaa, kwa risasi zile zile utakazowindia, uone kama kifuniko kinashikilia.

5. Garini, ya kuchomoa inashinda

Kuanzia alfajiri tunapanda na kushuka garini mara nyingi, na hakuna anayepanda na risasi chemba. Ukiwinda swala na pofu, magazini ya kuchomoa inakurahisishia: unaichomoa, unaiweka mfukoni, na kila mtu anaona kuwa haipo. Ya kudumu yenye kifuniko cha chini nayo haina taabu, unabonyeza na risasi zinaangukia kiganjani. Ile ninayoikwepa ni magazini ya kudumu isiyo na kifuniko kabisa, kwa sababu kuipakua lazima upitishe risasi moja moja kwa bolti. Kufanya hivyo gizani, watu wamechoka na wamekuzunguka, ni kutafuta ajali.

6. Kuchomoa magazini si kupakua bunduki

Risasi iliyo chemba haitoki na magazini. Fungua bolti, angalia, kisha ingiza ncha ya kidole uhakikishe. Fanya hivyo hata kama umemwona mwenzako akifanya sasa hivi. Kambini kwangu sheria hii haina mgeni wala mwenyeji.

7. Ukinunua ya kuchomoa, nunua mbili siku hiyo hiyo

Magazini ya kampuni moja kwa kawaida haiingii bunduki ya kampuni nyingine, na kuagiza ya akiba kutoka nje huchukua muda mrefu. Jaribu zote mbili kwa risasi halisi, uziwekee alama, na iliyokwama usiirudishe kwenye begi la safari.

Uamuzi wangu ni huu: kwa nyati na wanyama wengine hatari, chukua magazini ya kudumu yenye kifuniko imara cha chini. Kwa swala, kongoni na pofu, ya kuchomoa inafaa kabisa, mradi kitufe chake kimefichwa na ya akiba iko mfukoni. Uliyonayo, izoee kwa mazoezi ya kujaza na kupakua mpaka mikono ifanye bila kusaidiwa na macho. Wafuata nyayo wanaotangulia mbele yako hawana bunduki, na usalama wao unategemea maandalizi yako.