Kabla ya Kuunganisha Mitaji
Wafanyabiashara wadogo wanaoungana kuagiza mchele kwa lori moja hupunguza gharama za usafiri. Hata hivyo, katika ubia, deni analolikopa mwenzako kwa shughuli za biashara yenu ni deni lako pia. Tunashauri uhakiki kwanza usajili wake BRELA, ukijua kwamba cheti huthibitisha jina la biashara, wala si uaminifu wa mwenye jina. Huo hupimwa kwa kazi: anzeni na magunia machache, risiti zisomwe mbele ya wote. (Ndugu naye asisamehewe.) Waulize waliowahi kushirikiana naye, hasa waliokwisha kuachana naye. Makubaliano yaandikwe kabla ya fedha kutoka, yakieleza namna ya kutengana na nani atabaki na mzigo uliokwisha kulipiwa.