Kumpima Nyati kwa Kamera

Wanafunzi wengi wa wilaya za Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, wamekwisha kumsikia nyati, au mbogo kama wengine wamwitavyo, akitajwa kwa hofu. Lakini ni wachache waliomwona. Katika makala hii tutaeleza jinsi picha ya mnyama huyu, ikipigwa kwa utaratibu, inavyoweza kuwa kipimo cha kisayansi, wala si pambo la ukutani tu.

Haja ya kupima

Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kabla ya hapo yalipitia kipindi kigumu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia mauaji nchini Rwanda. Kuni, miti ya kujengea na kitoweo vilitafutwa porini, na wawindaji haramu, wenyeji kwa wageni, wakapata soko. Nyati na wanyama wengine wakubwa walipungua sana. Wengi wa wakimbizi hao walirejea kwao Desemba 1996, lakini mnyama aliyekwisha kuliwa harejei. Nyati jike huchukua mimba kwa miezi 11 hivi, na kwa kawaida huzaa ndama mmoja tu; kwa hiyo kundi lililopunguka kwa miaka michache huhitaji miaka mingi kujazia pengo.

Je, nyati wanaongezeka? Swali hili halijibiwi kwa maoni, bali kwa hesabu. Huko Serengeti, katika miaka ya 1960 na 1970, mwanasayansi A. R. E. Sinclair aliwachunguza nyati kwa kupiga picha makundi yao kutoka katika ndege ndogo, kisha kuwahesabu katika picha. Hesabu za namna hiyo zilionyesha kwamba nyati waliongezeka baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe. Bila hesabu, uhusiano huo usingedhihirika.

Umbali na ukubwa wa taswira

Kamera hufuata kanuni ya lenzi tuifahamuo sote. Mnyama akiwa mbali, ukubwa wa taswira (S) hupatikana kwa kuzidisha urefu wa fokasi (F) kwa kimo cha mnyama (K), kisha kugawanya kwa umbali (U):

S = F × K ÷ U

Tuchukue nyati dume mwenye kimo cha mita 1.5 begani, aliye umbali wa mita 60, na lenzi yenye urefu wa fokasi wa milimita 400. Taswira itakuwa na kimo cha 400 × 1.5 ÷ 60, yaani milimita 10. Katika filamu ya kawaida, ambayo kimo chake ni milimita 24, hiyo yatosha kabisa. Mwenye lenzi ya milimita 200 atapata milimita 5 tu, naye atashawishika kusogea hadi mita 30. Asithubutu! Nyati aliyeshtuka huweza kushambulia bila onyo, na madume wazee wakaao peke yao ndio wa hatari zaidi. Abadilishe lenzi, asibadilishe umbali. Tena abaki ndani ya gari.

Kanuni hiyo yaweza kugeuzwa. Tukiujua umbali kwa chombo cha kupimia, na tukapima taswira, tutapata kimo cha mnyama. Na kwa kimo pamoja na umbo la pembe twaweza kumtenga ndama na mkubwa. Kundi lenye ndama wengi lina matumaini.

Mwanga

Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kitu kina rangi ya kijivu cha wastani. Nyati mweusi akiijaza picha, kamera itadhani kuna giza, itaingiza mwanga mwingi kupita kiasi, na nyati atatoka wa kijivu. Dawa yake ni kupunguza mwanga takriban kwa nusu: ikiwa kipimo chasema 1/250 ya sekunde, tumia 1/500.

Kuhesabu

Jicho la mtu huelekea kukosea linapokadiria kundi kubwa, na mara nyingi hukadiria pungufu. Katika picha, chora miraba na uhesabu mraba mmoja mmoja. Mnyama aliyekatwa na mstari ahesabiwe katika mraba ule ulio na kichwa chake, asije akahesabiwa mara mbili. Andika tarehe, saa, mahali na upande uliotazama.

Jambo kubwa zaidi ni kulinganisha vitu vinavyolingana. Nyati hana budi kunywa maji kila siku. Hivyo wakati wa kiangazi makundi hukusanyika karibu na maji ya kudumu, kama vile Ziwa Burigi, na wakati wa masika hutawanyika. Mwenye kulinganisha picha za kiangazi cha mwaka huu na za masika ya mwaka jana atatangaza ongezeko ambalo halipo.

Zoezi

1. Nyati jike ana kimo cha mita 1.4, na yu umbali wa mita 70. Lenzi ina urefu wa fokasi wa milimita 300. Tafuta kimo cha taswira. (Jibu: milimita 6.)

2. Mwalimu awapeleke wanafunzi mahali ng'ombe wa kijiji wanyweshwapo. Kila mwanafunzi akadirie idadi yao kwa jicho na kuiandika. Kisha kundi lipigwe picha, hata kwa simu, na kuhesabiwa kwa miraba. Linganisheni majibu. Tofauti mtakayoiona ndiyo sababu ya kutotosheka na neno la mtu asemaye kwamba nyati wa Burigi ni wengi, au kwamba wamekwisha.